Siku Skrini Iliposema Wote Wamepanda

Vijana wangu wa ghorofa ya pili, kabla sijakabidhi funguo mliniomba niwaandikie maelekezo ya ile programu ya chumba cha taa, kwa kuwa ndiyo kongwe kuliko zote na hakuna kati yenu anayependa kuigusa. Maelekezo nimeyaandika. Yamo kwenye faili, kurasa kumi na moja, na nimejitahidi yasiwachoshe. Haya ya hapa ni yale ambayo hayakuingia kwenye kurasa zile. Vyeo sitavitaja, maana vyote vilibandikwa ubaoni na wenye macho walivisoma.

Sikuzaliwa na kompyuta. Baba yangu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale Kagongwa, na kitu cha kwanza nilichojifunza maishani ni kusikia mashine inayotaka kuharibika kabla haijaharibika. Nikasoma, nikawa mwalimu wa hesabu sekondari. Siku moja shule ikapewa kompyuta mbili za msaada, na kwa kuwa hakuna aliyejua hata kuziwasha, mkuu wa shule akaamua kwamba hizo ni mambo ya hesabu. Ndivyo zilivyonifikia. Nilizisoma kwa vitabu, usiku wa likizo na mchana wa Jumapili, mpaka nikaenda chuo Dar es Salaam kuzisomea rasmi. Nilipomaliza nilikuwa na miaka thelathini na minne na mtoto mmoja, na kampuni yetu ilikuwa imefungua tawi Geita.

Mnaijua kampuni yenu. Ni kubwa kiasi cha kuwa na ofisi katika nchi ambazo sijazikanyaga. Lakini hapa Geita tulikuwa watu saba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kazi yetu ilikuwa kuandika programu za kompyuta za mezani kwa ajili ya migodi ya ukanda huu: za stoo, za karakana, za zahanati ya mgodi. Kila tukitaka kufikiri, chini yetu mtu anakata bati.

Aliyenipokea siku ya kwanza ni Bwana Rajabu. Ukoo wake ulitoka Ujiji zamani, lakini yeye alikulia Kahama. Mwembamba, amevaa sweta hata jua likiwa kali. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za Kagongwa na bei ya mchele, kisha akanipa kiti. Kompyuta hakunipa. Alinipeleka mgodini na kile kiti, akaniambia nikae stoo karibu na mtunza stoo kwa wiki mbili, niandike anachofanya kwa mikono yake kila programu inapomchelewesha. Nilirudi na daftari, nikamwambia kwamba mtunza stoo anakuna shingo. Akaniuliza mara ngapi kwa siku. Sikuwa nimehesabu, kwa hiyo nilirudi wiki ya tatu.

Kompyuta nilipopewa, nilipewa pamoja na hotipoti. Msicheke. Vumbi jekundu la huku lilikuwa linaingia kwenye disketi, ukifika mgodini kila unachopachika hakisomeki. Bwana Rajabu alikuwa amegundua kwamba hotipoti ya wali, ikitandikwa kitambaa, haipitishi vumbi. Kwa hiyo tulisafiri na kazi zetu ndani ya hotipoti, na zaidi ya mara moja mlinzi wa geti alitufungulia akitegemea pilau. Kifaa kingine kilikuwa brashi ndogo ya rangi ya kusafishia kibodi. Cha tatu kilikuwa mazoea ya kuhifadhi kazi kila baada ya mistari mitatu, kwa sababu umeme haukuaga. Mpaka leo kidole changu kinatafuta kitufe cha kuhifadhi hata ninapoandika orodha ya sokoni.

Mwaka wangu wa pili nikapewa programu ya chumba cha taa, katika mgodi mmoja wa chini ya ardhi ambao sitautaja. Kwa wale ambao hawajafika: mchimbaji kabla ya kushuka anapita dirishani, anachukua taa ya kofia, jina lake linaandikwa kwamba ameshuka. Akipanda anarudisha taa, anaandikwa amepanda. Mwisho wa zamu, skrini ikionyesha hakuna aliyebaki chini, msimamizi wa chumba anasaini karatasi, na baruti inalipuliwa. Hiyo ndiyo kazi yote ya programu ile. Kuhesabu watu.

Msimamizi wa chumba alikuwa Mama Shija, mwanamke wa Buseresere, mfupi, sauti ya chini. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba na alisoma vizuri sana, ila Kiingereza hakukitaka, na toleo la kwanza lilikuwa la Kiingereza. Alikariri vitufe kwa mahali pake. Siku nilipokihamisha kile cha kijani ili skrini ipendeze, alifanya kazi saa nzima kinyume. Hakunigombeza. Alinitengea kigoda, akanionyesha alichofanya, akangoja nione mwenyewe.

Nikaomba ruhusa ya kuiandika kwa Kiswahili. Makao makuu wakauliza sababu, Bwana Rajabu akawajibu kwa mstari mmoja kwamba watakaoitumia ni Waswahili wa Kisukuma. Nikatafsiri kwa kamusi. Mtu akirudisha taa, skrini ikaandika mbele ya jina lake: Ameondolewa. Mchimbaji wa kwanza aliyeliona alikataa kutoka dirishani mpaka aelezwe nani kamwondoa na kwa kosa gani, na wenzake wakakusanyika nyuma yake. Mama Shija akaninong'oneza kwamba huku kwetu aliyeondolewa ama amefukuzwa ama amezikwa. Tulikaa naye mchana mzima tukibadilisha maneno. Ameshuka. Amepanda. Waliomo chini. Yote yale mnayoyaona mpaka leo ni maneno yake. Mimi nilikuwa mpiga chapa tu.

Sasa nifike kwenye kosa.

Kadi za wachimbaji zilikuwa zinachubuka, na kadi isiposomeka mhudumu wa dirishani alitafuta jina kwenye orodha na kulibonyeza. Niliandika mstari mmoja uliosema: jina hili likibonyezwa, mwenye jina hili amepanda. Ilipaswa iwe namba ya mtu. Mimi niliandika jina. Sikufikiri, mimi niliyezaliwa Usukumani na kusoma darasa moja na akina Masanja watano, kwamba zamu moja inaweza kuwa na Masanja Mabula wawili.

Walikuwa wawili. Jioni moja, kama saa kumi na moja, Masanja Mabula wa kwanza alipanda, kadi yake ikakataa, mhudumu akabonyeza jina. Programu ikawapandisha wote wawili. Skrini ikaandika: Waliomo chini, hakuna. Masanja Mabula wa pili, fundi wa pampu, alikuwa bado chini.

Mama Shija alitazama skrini, kisha akageuka akatazama ukuta wa taa. Ndoano moja ilikuwa tupu. Akakataa kusaini.

Baruti ilikuwa imeshapangwa. Mkubwa wa zamu alikuwa na haraka, akamwambia taa moja isiyoonekana si sababu ya kusimamisha mgodi. Mama Shija akaomba apige simu ofisini kwetu. Niliipokea mimi. Akanieleza polepole, skrini inasema hivi, ukuta unasema hivi, mwanangu tufanye nini.

Nimeyarudia maneno niliyomjibu mara nyingi sana tangu siku ile. Nilisema, "Mama, programu iko sawa. Kama taa haionekani, basi itakuwa imeibiwa humo humo chumbani."

Kisha akasema, "Haya, mwanangu," akakata simu.

Nilibaki nimeshika mkono wa simu. Nikafungua msimbo wa programu, nikaanza kuusoma kutoka juu, na kabla sijafika katikati nikauona ule mstari. Nilipiga simu mgodini, ikawa inaita tu. Nikapiga tena. Bwana Rajabu alikuja akasimama nyuma yangu, nikamwonyesha ule mstari kwa kidole. Akachukua ufunguo wa gari.

Tulipofika, Masanja alikuwa ameshapandishwa. Mama Shija alikuwa ameketi juu ya ile karatasi ya kusaini, kabisa, ameikalia, na akamwambia mkubwa wa zamu kwamba akitaka kulipua aje amnyanyue mwenyewe. Hakuna aliyethubutu. Wakatumwa watu wawili kushuka. Walimkuta Masanja kwenye kituo cha pampu, ameteleza kwenye ngazi, mguu umevunjika, redio imezama majini. Kutoka alipokuwa hadi kwenye baruti ni umbali ambao mtu akiita kwa sauti ya kawaida anasikika.

Nilimwona akiingizwa kwenye gari la wagonjwa. Alikuwa ameshika kofia yake kifuani kwa mikono miwili. Mama Shija alikuwa anaandika kwenye daftari lake, na nilipopita hakunitazama, nami sikusimama.

Bwana Rajabu hakunisema njia nzima ya kurudi. Asubuhi yake alinipeleka mgodini, akatuombea ruhusa, tukavaa kofia na viatu vya mpira, tukashuka. Nilikuwa nimeandika programu ya watu wa chini kwa mwaka mzima bila kufika chini. Tulikwenda mpaka kwenye kile kituo cha pampu. Akaniambia nizime taa, naye akazima yake. Sitaweza kuwaelezea giza lile. Nilisikia maji yakidondoka, na nilimsikia yeye akipumua. Baada ya muda akawasha taa, akasema twende zetu.

Ripoti ilipotakiwa, wakubwa walipendekeza iandikwe hitilafu ya mfumo. Bwana Rajabu akanirudishia karatasi, akaniambia mfumo haujawahi kuandika mstari. Niliandika kwamba kosa ni langu, nikaweka jina. Nilitegemea kufukuzwa. Haikuwa hivyo, na kwa miezi kadhaa nilitamani ingekuwa hivyo.

Wiki ya tatu nilikwenda Runzewe, nyumbani kwa Masanja. Hakuna aliyenituma, na wapo walionikataza. Mkewe, Mama Kulwa, alinikaribisha akidhani nimetoka hospitali. Masanja alikuwa amekaa nje, mguu kwenye plasta, anachambua karanga. Niliwaeleza yote, pamoja na mstari wenyewe, nikauchora chini kwa kijiti kwa sababu sikujua njia nyingine. Mama Kulwa alisimama katikati ya maelezo akaingia ndani. Nilijua kwa nini, nikakaa.

Masanja aliuangalia ule mchoro kwa muda mrefu. Akaniuliza, kwa hiyo ile kompyuta ilidhani yeye ni nani. Nikamjibu kwamba ilidhani yeye ni mwenzake. Akasema yule mwenzake ni mtu wa Buseresere na deni lake la ugomvi wa mpira halijaisha, kwa hiyo asingependa kufa kwa ajili yake. Nikacheka, kisha nikalia, na yeye akaendelea kuchambua karanga mpaka nilipomaliza.

Nikamwambia sasa nitawatambua watu kwa namba. Hilo hakulipenda. Alisema kule chini mtu hana kitu ila jina lake, na kama namba inaitaka kompyuta, basi kompyuta ibaki nayo huko ndani, lakini pale dirishani aitwe. "Andika Masanja Mabula wa Runzewe," alisema. "Na yule wa Buseresere. Hapo hata mtoto hatatukosea."

Mama Kulwa alitoka na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye sahani. Aliiweka mbele yangu bila kunitazama, lakini aliiweka. Nikala.

Ndiyo maana, vijana, kila jina kwenye orodha ile linafuatwa na mahali. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini tunapoteza nafasi ya skrini namna ile. Namba ipo, inafanya kazi yake kimyakimya. Mahali pasiondolewe.

Masanja alirudi kazini mguu ulipopona, akafanya miaka kadhaa, kisha akaenda kulima. Mama Shija alistaafu akarudi Buseresere. Kompyuta zikabadilika, zile nzito za kioo cha mgongo zikaenda, disketi zikaenda, hotipoti ikarudi kwenye wali. Tuliandika programu nyingine nyingi, nyingine nzuri kuliko ile, nyingi zimekufa na sizikumbuki majina. Hii ya taa tuliiandika upya mara nne. Bwana Rajabu aliisoma kila mara kabla haijatoka, mpaka ugonjwa wa sukari ulipoanza kumchukua macho. Alistaafu miaka kumi kabla yangu, akarudi Kahama. Baadaye macho yakazima kabisa.

Mwaka wangu wa mwisho, nilipokuwa ninatayarisha yale maelekezo yenu, nilianza kwenda kwake Jumamosi. Nilichapisha matoleo yote ya programu, kuanzia la kwanza kabisa, nikawa ninamsomea kwa sauti. Mkewe alituletea kahawa na kutuacha. Anasikiliza ameinamisha kichwa, mara moja moja ananisimamisha, anauliza kwa nini hivi na si vile, na mara nyingi yeye ndiye anayekuwa sahihi. Mtu asiyeona aliniokotea makosa mawili yaliyokuwa humo tangu toleo la tatu. Nimeyarekebisha.

Jumamosi moja nikafika kwenye ule mstari wa kwanza, wa jina. Nilitaka kuuruka. Akasema, "Soma."

Nikausoma.

Akasema, "Kabula, huo niliuona."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu. Wakati ule nilipompa kurasa za kukagua, aliuona ule mstari, akajua una kasoro. Ilikuwa Ijumaa, adhana imeshatolewa, anawahi msikitini. Akasema atanieleza Jumatatu. Jumatatu kukawa na mambo mengine, akasahau, mpaka nilipouonyesha kwa kidole jioni ile. Nilipoandika ripoti kwa jina langu peke yangu, alitaka kuongeza lake, akaona atakuwa ananivunjia ujasiri wangu. Hivyo ndivyo alivyojiambia. "Ilikuwa woga," alisema. "Nimekuacha ukaubeba peke yako miaka yote hii."

Nilitoka uani. Sitawadanganya, nilikasirika. Nilisimama karibu na bomba nikihesabu miaka, na mara ngapi niliamka nikiuona ule mstari, na jinsi ambavyo neno moja kutoka kwake lingenipunguzia mzigo. Nikamkumbuka pia kule chini gizani, akipumua. Hakuwa amenipeleka mimi tu, alikuwa amejipeleka na yeye. Na hapo hapo nikakumbuka kwamba nami kuna mtu sijamwambia kitu, na mimi sikuwa na adhana ya kusingizia.

Nilirudi ndani. Nilimshika mkono, nikamwambia nimesikia, na kwamba mimi ndiye niliyeandika, hata yeye angekagua mara mia. Kisha nikasoma mstari uliofuata, kwa sababu kurasa zilikuwa nyingi na jua linakwenda.

Wiki iliyofuata nilikwenda Buseresere. Mama Shija amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini alinitambua nikiwa bado barabarani, akaniita mwanangu. Nikampigia magoti, nikamwamkia. Tulizungumza habari za wajukuu, za mihogo, za watu waliokufa. Nikashindwa kuanza. Alipoona nimeshika kikombe cha uji bila kunywa, akaniuliza kimenileta nini.

Nikamwambia kwamba siku ile kwenye simu nilimwita mwizi. Sikutamka neno, lakini nilisema taa imeibiwa chumbani kwake, na chumbani kwake mwenye ufunguo alikuwa yeye. Nilikwenda kwa Masanja nikaomba radhi, niliandika ripoti, nilibadilisha programu mara nne, lakini kwake sikuwahi kurudi na neno hilo. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya pale, nikimsalimia kila asubuhi, na kila asubuhi niliona ni aibu kulifungua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema neno lile lilimuuma, ndiyo. Alilipeleka nyumbani, akalala nalo siku kadhaa, kisha likaisha. Halafu akaniambia kitu ambacho katika miaka yote hiyo sikukijua.

Alisema kwamba kabla ya kunipigia simu, alikuwa ameshaanza kulegea. Mkubwa wa zamu anafoka, skrini inasema hakuna mtu, na yeye ni mwanamke wa darasa la saba. Alishika kalamu. Alinipigia akitaka tu niseme programu iko sawa, ili asaini apumzike.

"Na ukasema iko sawa," alisema. "Lakini sauti yako ilikuwa inatetemeka, mwanangu. Nikasema moyoni, huyu msichana anaogopa kile ninachokiogopa mimi, naye hana hakika. Ndipo nikaiweka karatasi chini, nikaikalia."

Akaninyang'anya kikombe, maana uji ulikuwa umeshapoa, akamwaga, akaanza kunimiminia mwingine.